Tovuti ya biashara ndogo: vitu vingi vinavyouzwa kwa jina moja

Fundi wa samani wa Keko, Dar es Salaam, akiamua kuwa na tovuti, swali la kwanza analowauliza watengenezaji ni bei. Majibu anayopewa hupishana sana, na si kwa sababu mmoja ni mwizi na mwingine ni mwaminifu, bali kwa sababu kila mmoja anahesabu vitu tofauti chini ya neno lile lile. Ndani ya kinachoitwa tovuti kuna jina, kuna nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayozitunza kurasa na kuwapelekea wanaozifungua, kuna kurasa zenyewe, kuna njia ya kupokea maulizo na malipo, na kuna kazi ndefu ya kuifanya ionekane na watu wanaotafuta kitanda au kabati. Kila kimoja kina mmiliki wake, ada yake na tarehe yake ya kuisha. Migogoro mingi kati ya wafanyabiashara wadogo na watengenezaji wa tovuti huanzia hapa: mteja amenunua vyote kwa pamoja, kwa risiti moja au bila risiti, na hajui kipi ni chake na kipi ameazimwa.

Wapo wanaouliza kama kuna haja ya tovuti wakati samani zinauzika kwa picha za Instagram na hali za WhatsApp. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa mitandao hiyo huleta wateja kweli, na hakuna sababu ya kuiacha. Lakini ukurasa wa Instagram ni mali ya kampuni nyingine, na mwenye mali ana uwezo wa kubadili masharti au kufunga mlango. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita kutokana na hitilafu ndani ya mitambo ya kampuni yenyewe, na mfanyabiashara ambaye namba zote za wateja wake zilikuwa huko hakuwa na pa kuelekea. Mfano wa pili unagusa tovuti moja kwa moja: Google iliwahi kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure zilizoundwa kutokana na wasifu wao wa biashara, kisha Machi 2024 ikazizima zote. Waliokuwa wamechapisha anwani hizo kwenye mabango, risiti na kadi za biashara walibaki na anwani zisizofika popote. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwa na tovuti yenye jina lako mwenyewe: wateja waliokwisha kukujua waendelee kukupata hata huduma fulani inapofungwa.

Jina, na nani ameandikishwa kuwa mwenye nalo

Jina la kikoa, ambalo mafundi wengi huliita domeini, ndiyo sehemu ya gharama ndogo kuliko zote na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Linafanya kazi kwa mfumo ulioundwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris, nao hadi leo ndio unaobadilisha majina yanayosomeka na binadamu kuwa namba zinazotumiwa na kompyuta. Mteja akiandika jina la tovuti kwenye simu, simu huuliza seva ya mtandao wake wa simu, nayo, kama haina jibu, huuliza seva za ngazi ya juu kabisa za mfumo wote, ambazo huielekeza kwa wanaotunza majina yanayoishia na .tz, ambao nao huielekeza kwenye seva zilizotajwa na mwenye jina husika. Yote hayo hukamilika katika sehemu ndogo ya sekunde. Kwa kuwa majibu huhifadhiwa njiani ili yasiulizwe upya kila mara, mabadiliko yanayofanywa leo huweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuonekana kwa kila mtu, na ndiyo maana tovuti iliyohamishwa huonekana kwa mwenye duka ilhali mteja wake bado anaona ile ya zamani.

Kwa Tanzania, majina yanayoishia na .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kupitia rejista inayojulikana kama tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006. Kwa Kenya kazi hiyo hufanywa na KeNIC. Mfanyabiashara halinunui jina kwenye rejista yenyewe, bali kwa msajili aliyeidhinishwa, na hulilipia kwa mwaka au kwa miaka kadhaa. Jina halinunuliwi likawa la milele. Ada isipolipwa kwa wakati, tovuti hutoweka, barua pepe zinazotumia jina hilo huacha kufika, na baada ya muda wa nyongeza kupita jina huwa huru kuandikishwa na mtu yeyote, akiwemo mshindani.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye biashara alishike kabla ya mengine yote ni kwamba jina la kikoa ni kama hati ya kiwanja: anayeandikwa ndani yake ndiye mwenye kauli, hata kama fedha za kulinunua zilitoka mfukoni kwa mwingine. Ni kawaida sana mtengenezaji kuandikisha jina la mteja kwa akaunti yake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe, mara nyingi bila nia mbaya, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Mwaka wa kwanza unapita salama. Mwaka wa pili mtengenezaji amehamia kazi nyingine, amebadili namba ya simu au anadai fedha ambazo mteja anasema hadaiwi, na taarifa ya kuisha kwa jina inatumwa kwa barua pepe ambayo mwenye duka hajawahi kuiona. Kinga yake ni ndogo na haina gharama: akaunti kwa msajili ifunguliwe kwa jina la mwenye biashara, kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe na namba ya simu anayoishika mwenyewe, kisha mtengenezaji apewe ruhusa ya kufanya kazi yake ndani ya akaunti hiyo.

Kuhusu uchaguzi wa jina lenyewe, kipimo kizuri ni simu. Jina likitamkwa mara moja kwa mtu aliye ndani ya daladala, je, ataliandika sawasawa? Vistari, tarakimu na vifupisho vya kujitungia huliangusha jina katika mtihani huo. Ikumbukwe pia kwamba usajili wa jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na usajili wa jina la kikoa ni mambo mawili yasiyojuana: kuwa na la kwanza hakukupi la pili, na la pili halikulindi mbele ya sheria kama la kwanza linavyokulinda. Ni busara kukagua pande zote mbili kabla ya kumlipa mchoraji wa nembo.

Seva, mikongo na umbali

Nafasi kwenye seva ndiko kurasa zinakokaa, na biashara ndogo huhitaji nafasi ndogo ya kushirikiana na tovuti nyingine, si seva nzima. Swali linalostahili kuulizwa kwa makini ni wapi seva hiyo ilipo. Tanzania imeunganishwa na dunia kwa mikongo ya baharini, yaani nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, ikiwemo SEACOM iliyofika mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika kwa wakati mmoja, na kwa siku kadhaa intaneti ilikuwa ya shida katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tovuti iliyokaa kwenye seva ya Ulaya ilikuwa mbali na mteja wa Mbagala kwa namna ambayo iliyokaa Dar es Salaam haikuwa, kwa sababu mitandao ya ndani hubadilishana data papa hapa nchini bila kuvuka bahari.

Kwa fundi wa Keko, ambaye wateja wake wengi wako Dar es Salaam, Pwani na Morogoro, seva ya ndani ina mantiki, ilimradi mtoa huduma ana umeme wa uhakika, anatunza nakala za akiba kila siku na anapokea simu. Kwa kampuni ya utalii ya Arusha ambayo wateja wake wanapanga safari wakiwa Ujerumani, hesabu inageuka. Zipo pia huduma zinazotunza nakala za kurasa katika miji mingi ya dunia ili kila msomaji apewe ile iliyo karibu naye. Cloudflare, kwa mfano, ina kiwango cha bure kinachoitosha biashara ndogo.

Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https na data kusafiri kwa usimbaji, yaani ikiwa imefichwa isisomeke njiani, si jambo la kulipia pembeni tena. Tangu mwishoni mwa 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bila malipo, na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huitangaza tovuti isiyo na cheti kuwa si salama, mbele ya macho ya mteja. Mtengenezaji anayedai fedha nyingi kwa ajili ya cheti peke yake aulizwe cheti hicho kinazidi vya bure kwa lipi.

Kurasa zenyewe

Tovuti nyingi za biashara ndogo hujengwa kwa WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani. Uzuri wake ni kwamba mafundi wanaoijua wako kila mji, kwa hiyo mwenye duka hafungwi na mtu mmoja. Ubaya wake unatokana na uzuri huo huo: kwa kuwa inatumiwa na wengi, inawindwa na wengi, na programu ndogo za nyongeza zinazowekwa humo zikikaa bila kusasishwa huwa mlango wa wadukuzi. Tovuti ya WordPress ambayo hakuna anayeiangalia kwa mwaka mzima ni hatari zaidi kuliko kurasa tano za kawaida zilizoandikwa kwa mkono zikaachwa. Njia ya tatu ni huduma za kulipia kila mwezi zinazokupa violezo vilivyo tayari na kukushughulikia usalama. Hizo ni nyepesi kuanza nazo, lakini siku ukitaka kuondoka huwa unaondoka na maandishi na picha tu, siyo tovuti. Yeyote asiye na mtu wa kumtunzia WordPress afikirie ile njia isiyo na mbwembwe, yaani kurasa chache zisizobadilika, kabla ya kujitwisha mtambo mkubwa.

Kinachoziua tovuti nyingi za duka ni uzito wa picha. Picha iliyopigwa kwa simu janja ya kawaida huwa na megabaiti 3 hadi 5. Ukurasa wa vitanda wenye picha 12 za megabaiti 4 kila moja humtaka mteja apakue megabaiti 48, kwa bando alilonunua kwa fedha yake, ili tu aone kama kuna kitanda anachokipenda. Picha hizo hizo zikipunguzwa upana hadi pikseli 1200 na kubanwa kwa kiwango ambacho jicho halitambui tofauti, kila moja inaweza kushuka hadi kilobaiti 150 au karibu na hapo, na ukurasa mzima ukawa chini ya megabaiti 2. Programu za kufanya kazi hiyo ni za bure. Google nayo inapopima wepesi wa ukurasa huhesabu kuwa sehemu kubwa inayoonekana kwanza inapaswa kutokea ndani ya sekunde 2.5, na kwa kuwa tangu 2023 imekamilisha mpango wake wa kuzisoma tovuti kwanza kwa sura zilizonayo kwenye simu, tovuti inayopendeza kwenye kompyuta ya mtengenezaji lakini ikakwama kwenye simu ya mteja imekosea mahali penyewe.

Maandishi ndiyo sehemu inayopewa muda mfupi kuliko zote, na hapa nina msimamo. Mwenye duka hutumia wiki mbili kuchagua rangi, kisha huandika, au huandikiwa, sentensi kwamba kampuni yake inatoa huduma bora kwa viwango vya kimataifa, sentensi ambayo haimwambii mteja lolote. Mteja anayetafuta kitanda anataka kujua kama ni cha tano kwa sita au sita kwa sita, ni mninga, msaji au mbao za kawaida zilizopakwa rangi, kinatengenezwa kwa siku ngapi, kama bei inajumuisha usafiri hadi Kigamboni, anatanguliza kiasi gani, na afanye nini kikija na mguu uliopasuka. Wengi huogopa kuandika bei wakihofia washindani. Washindani wa Keko wako mtaa huo huo na bei wanazijua tayari. Asiyezijua ni mteja, na mteja asiyeona bei hudhani ni kubwa au hudhani anasubiriwa apimwe uwezo wake. Bei ya kuanzia, ikiandikwa wazi pamoja na sababu zinazoifanya ipande, hupunguza simu za kuuliza tu na huongeza simu za kununua.

Yupo mteja mmoja ambaye tovuti inamfaa kuliko njia nyingine yoyote, naye ni Mtanzania aliyeko Muscat, London au Minneapolis anayejenga nyumba Kibaha. Hawezi kuja karakana, anaitazama kazi usiku baada ya zamu, na fedha atakayotuma ni nyingi kiasi cha kumtia wasiwasi. Huyo anahitaji picha za karakana yenyewe, si picha za samani zilizochukuliwa kwingine. Anahitaji kuona mahali duka lilipo kwenye ramani, jina la biashara lililosajiliwa, na maelezo ya nani atapokea mzigo na kuukagua kwa niaba yake. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa ajili yake una thamani kuliko mapambo yote yanayotembea juu ya ukurasa wa mbele.

Malipo huleta mkanganyiko usio wa lazima. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, na wateja wamekwisha kuzoea kulipa kwa simu, kwa hiyo watengenezaji wengi huwashawishi wenye maduka waweke mfumo kamili wa kikapu na malipo ya papo kwa papo, ambapo ombi la kulipa hujitokeza kwenye simu ya mteja akaweka namba ya siri. Mfumo huo una faida kwa anayeuza vitu vilivyo tayari na vingi, kama vitabu au vipodozi. Kwa samani za kuagiza, ambazo lazima zizungumzwe kwanza, kitufe cha kufungua mazungumzo ya WhatsApp na lipa namba iliyoandikwa wazi vinatosha. Cha kuangaliwa ni kwamba jina linalomtokea mteja kabla hajathibitisha malipo lifanane na jina la biashara lililo kwenye tovuti. Mteja akiona jina la mtu asiyemjua husita, na ana haki ya kusita.

Kuonekana

Hapa ndipo ahadi nyingi za uongo zinapouzwa. Mtambo wa utafutaji kama Google, ulioanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, hufanya kazi tatu zinazofuatana: programu zake hutembelea kurasa kwa kufuata viungo, yaani sehemu zinazobofywa kumpeleka msomaji ukurasa mwingine, husoma na kuhifadhi kilichomo, kisha mtu anapouliza jambo hupanga kurasa zinazoonekana kumjibu vizuri zaidi. Katika kupanga huko hutazama maneno yaliyomo kwenye ukurasa, tovuti nyingine zinazouelekezea viungo, wepesi wa ukurasa, mahali aliyeuliza alipo na ishara nyingine nyingi ambazo haziwekwi wazi zote. Nafasi katika matokeo ya kawaida haiuzwi. Anayekuhakikishia nafasi ya kwanza ndani ya wiki moja ama anazungumzia tangazo la kulipia ama anakutajia nafasi ya kwanza kwa maneno ambayo hakuna anayeyatafuta. Vivyo hivyo, orodha ndefu ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa, ambayo bado hutozwa fedha na baadhi ya watengenezaji, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kabisa katika kupanga matokeo.

Kinachosaidia ni ukurasa mmoja kwa jambo moja. Tovuti iliyorundika vitanda, makabati, makochi na meza kwenye ukurasa mmoja wenye kichwa kisemacho Karibu haijibu swali la mtu yeyote. Ukurasa wenye kichwa cha habari kinachotaja vitanda vya mninga vya sita kwa sita, mahali vinapotengenezwa na bei ya kuanzia, unajibu swali la mtu anayeandika hivyo hivyo kwenye simu yake. Maneno ya kutumia ni yale yanayosemwa na wateja. Wakisema makochi ya L, ukurasa useme makochi ya L. Wakisema kabati la milango minne, usiwaandikie hifadhi ya mavazi. Anayefikiri lazima tovuti iwe ya Kiingereza ili ionekane ya maana aangalie kwanza jumbe alizonazo kwenye WhatsApp, maana humo ndimo ilimo lugha ambayo wateja wake hutafutia. Kurasa za Kiswahili zinazoeleza bidhaa kwa kina bado ni chache, na fundi anayeziandika vizuri leo hana washindani wengi wa kupambana nao.

Kwa biashara yenye mahali pake, wasifu wa biashara wa Google, ule unaoonyesha duka kwenye ramani pamoja na saa za kazi, picha na maoni ya wateja, unaweza kuleta simu nyingi kuliko tovuti yenyewe katika miezi ya mwanzo, nao ni bure. Jina, simu na mahali vilivyoandikwa humo vifanane na vilivyo kwenye tovuti. Maoni yaombwe kwa wateja halisi, siku samani zinapofika na furaha ingali mpya. Kununua maoni ni kinyume cha masharti ya Google, na zaidi ya hapo ni kumdanganya mteja anayefuata. Maoni mabaya yajibiwe kwa adabu na kwa maelezo ya kilichofanyika kurekebisha, kwa sababu wasomaji hulipima jibu kuliko lalamiko.

Viungo kutoka tovuti nyingine haviletwi na fedha ila na uhusiano uliopo tayari. Msambazaji wa mbao, mchoraji wa ramani za nyumba, hoteli iliyonunua vitanda vyako au chuo cha ufundi ulikopokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, wote wanaweza kukutaja kwenye tovuti zao wakiombwa. Yote haya huchukua muda. Tovuti mpya huweza kukaa wiki kadhaa hadi miezi kabla ya kuanza kuletewa watu na Google, na mwenye duka asiyeambiwa hivyo mapema huitelekeza mwezi wa pili.

Matangazo ya kulipia ni kwa ajili ya kujaza pengo hilo, au kwa msimu. Kwenye Google huwa ni mnada: watangazaji hushindania maneno, na anayetangaza hulipa tangazo linapobofywa. Hesabu yake ifanywe kabla, na iwe ya faida, siyo ya mauzo. Tuchukue mfano wa kubuni: kila bofyo linagharimu shilingi 300, na katika watu 100 wanaobofya, watano wanapiga simu na mmoja ananunua. Mnunuzi huyo amegharimu shilingi 30,000. Kama faida ya kitanda ni shilingi 120,000, tangazo linalipa. Kama kinachouzwa ni stuli yenye faida ya shilingi 15,000, kila mauzo ni hasara, na kuongeza bajeti ni kuongeza hasara. Tangazo lilenge maeneo ambayo gari la kupeleka mzigo linafika, na limpeleke mteja kwenye ukurasa wa bidhaa iliyotajwa, siyo ukurasa wa mbele ambako atalazimika kuanza kuitafuta upya.

Wanaokusanya majina na namba za simu za wateja kupitia fomu za tovuti wameingia pia kwenye eneo la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na ikaunda Tume ya kuisimamia, na Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 2019. Kwa biashara ndogo maana yake ni hii: usikusanye usichokihitaji, mweleze mteja utazitumia taarifa zake kwa kazi gani, usiziuze wala kumpa mwingine, na uwasiliane na Tume kuhusu wajibu wa kujisajili. Kuwatumia watu jumbe za matangazo ambazo hawakuziomba ni kosa dhidi yao hata pale wanapokaa kimya.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mwenye duka akabidhiwe kwa maandishi yafuatayo: akaunti ya msajili wa jina, akaunti ya seva, nenosiri la kuingilia kwenye tovuti kama msimamizi, umiliki wa wasifu wa Google na wa Search Console (huduma ya Google inayoonyesha jinsi tovuti inavyopatikana katika utafutaji), nakala kamili ya tovuti kwenye diski au hifadhi yake mwenyewe, na tarehe za kulipia upya kila kimoja pamoja na kiasi chake. Kisha abadilishe nenosiri zote. Mtengenezaji mwaminifu hatachukizwa na hilo, na atakayechukizwa amekupa taarifa uliyokuwa unaihitaji.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya mwenye duka mwenyewe. Search Console, inayotolewa bure na Google, humwonyesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakaiona tovuti yake, na daftari la mauzo likiongezewa safu moja ya mteja alikolisikia duka, litamwonyesha ni wangapi kati ya hao walinunua. Swali lililoulizwa mara nyingi kwa simu mwezi huu, liwe la muda wa kutengeneza kabati au gharama ya kupeleka mzigo Morogoro, liandikiwe jibu kwenye ukurasa unaohusika kabla ya mwezi ujao kwisha, kwa maneno yale yale aliyoyatumia mteja kuuliza.